Kurasa 22 za katuni: mistari imekatika kwenye nakala ya majaribio, na mkataba unataka haki zote

fremu_kwa_fremu

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa mambo mawili yanayohusu kitabu kimoja.

Hadithi ina kurasa 22 za rangi. Imechorwa kwa mkono kwenye karatasi ngumu ya inchi 11 × 17: penseli HB, kisha nibu ya chuma na brashi namba 2, wino mweusi usioyeyuka kwa maji. Fremu zote ziko ndani ya boksi la inchi 10 × 15, na baadhi ya picha zinafika hadi ukingoni mwa boksi hilo. Kitabu kitakatwa kwa kipimo cha inchi 6.625 × 10.25. Kurasa ziliskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, zikahifadhiwa kama JPEG, zikapakwa rangi kwenye kompyuta kwa mfumo wa RGB (rangi za skrini). Maneno yaliandikwa ndani ya programu hiyohiyo ya rangi.

Nakala ya majaribio imerudi hivi: mistari myembamba imekatikakatika, na weusi mwingine umekuwa kijivu. Herufi zina kivuli chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Kurasa 4 za usiku, zenye toni za nukta (vivuli vinavyoundwa na nukta ndogondogo), zimetoa mawimbi. Viputo viwili vya maneno vya pembeni vimekatwa.

Jambo la pili. Kuna mchapishaji aliyeipenda hadithi na ametuma mkataba: malipo kwa kila ukurasa, mara moja tu, na yeye anachukua "haki zote, kwa namna zote, kwa muda wote". Mkataba wa namna hii ni wa kawaida? Na mtu akitaka hii iwe ndiyo kazi yake ya kudumu, ahesabu kurasa ngapi kwa mwezi bila kujidanganya?

---

meza_ya_mwanga

Nianze na viputo vilivyokatwa, kwa sababu hapo kosa ni la hesabu na linaonekana wazi.

Boksi la inchi 10 × 15 halina uwiano sawa na kitabu cha 6.625 × 10.25. Mchapaji (mwenye mashine ya kuchapa) anahitaji ziada ya inchi 0.125 (kama mm 3) kila upande nje ya mstari wa kukata, kwa hiyo urefu anaoutaka ni inchi 10.5. Ili inchi 15 zako ziwe 10.5, picha inapunguzwa hadi 70%. Kwa kiwango hicho upana wako wa inchi 10 unakuwa inchi 7, na kitabu kina inchi 6.625 tu. Zinazobaki, karibu mm 4.8 kila upande, zinaishia kwenye kisu. Ukirudi kwenye karatasi ya awali, chochote kilichokaa ndani ya mm 7 kutoka ukingo wa kulia au wa kushoto kimekwenda. Pima viputo vyako viwili uone kama haviko hapo.

Kwa kitabu kijacho, chora kwa 150% ya kipimo cha mwisho na uweke maboksi matatu kwenye kila karatasi kabla ya kugusa fremu ya kwanza:

- la nje kabisa, mm 262 × 400: picha zinazovuka ukingo zifike hapa
- la kukata, mm 252 × 391: hapa ndipo kisu kinapita
- la usalama, mm 233 × 371: maneno, nyuso na mikono visitoke humu

Yote yanaingia kwenye karatasi ya 11 × 17 na nafasi inabaki. Kwa kurasa 22 ulizonazo, punguza hadi 66%, halafu zile picha zinazofika ukingoni uziongezee mchoro pande zote kwenye kompyuta. Kitakachohitajika kwa kipimo cha kitabu ni kama mm 8 juu na chini, na kama mm 3.5 kushoto na kulia, yaani anga kidogo, ukuta kidogo, sakafu kidogo. Ni kazi ya siku mbili, lakini hutapoteza kiputo hata kimoja.

Sasa mistari. Ukiskani kwa nukta 300, kila nukta ina upana wa mm 0.085. Mstari wa nibu wa mm 0.15 unapata nukta mbili kasoro, na skana inaanza kukisia: hapa nyeusi, hapa kijivu. Kisha JPEG inaongeza ukungu kuzunguka kila ukingo mkali, na mchora katuni anaishi kwa kingo kali. Inaumiza kuona wino uliopigwa vizuri ukiharibiwa na skana. Rudia yote kwa nukta 600 kwa inchi, kijivu bila rangi, uhifadhi TIFF (faili isiyopoteza ubora kama JPEG). Zikipunguzwa hadi theluthi mbili zinakuwa nukta 900 kwa kipimo cha kitabu.

Baada ya hapo geuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu. Programu itakuuliza kizingiti: kila nukta iliyo nyeusi kuliko namba hiyo inakuwa nyeusi kabisa, iliyo nyeupe zaidi inakuwa nyeupe. Kawaida huanza na 128 (0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa). Kwa mistari myembamba jaribu 150 hadi 170, itanenepa kidogo na kuungana. Ukizidisha, uchafu wa penseli nao unageuka madoa, hivyo pitia ukurasa mzima kwa ukubwa wa 100% na kuyafuta moja moja.

Weusi uliogeuka kijivu umetokana na raba. Penseli HB ikikandamizwa inaacha unga unaozuia wino kushika karatasi, na raba ikipita inaondoka na wino uliokaa juu ya unga huo. Tumia penseli 2H, ambayo ni ngumu zaidi, kwa mkono mwepesi (ukiikandamiza inachimba karatasi na wino unajaa kwenye mfereji) au penseli ya buluu hafifu. Ya buluu haina haja ya kufutwa: skani kwa rangi, kisha chukua chaneli ya buluu (sehemu ya picha inayobeba mwanga wa buluu) peke yake, na penseli inapotea. Watu wengi hukosea hapa wakachukua chaneli nyekundu, ambayo ndiyo inayoionyesha zaidi. Kama lazima ufute, acha wino ulale usiku mmoja, tumia raba laini ya kufinyanga, na baada ya kufuta pitisha brashi tena kwenye maeneo makubwa meusi.

---

bamba_la_nne

Nakubaliana na mkuu hapo juu. Nyongeza yangu ni kuhusu vivuli vya herufi na mawimbi.

Nyeusi ya RGB ikigeuzwa CMYK (wino nne za mashine: C samawati, M majenta, Y njano, K nyeusi, kila mmoja na bamba lake) kwa mipangilio ya kawaida haibaki nyeusi ya bamba moja. Inaweza kuwa C75 M68 Y67 K90, yaani wino 300% kwa jumla kwenye herufi yenye unene wa nusu milimita. Mabamba manne yakipishana hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, wekundu unatokeza huku na buluu kule. Kosa hilo halimhusu mtu wa mashine, limetoka kwenye faili. Mistari yote na herufi zote ziwe K100 (wino mweusi 100%) peke yake, na ziwekewe agizo la kuchapwa juu ya rangi bila kuitoboa. Wino mweusi ukitoboa rangi iliyo chini na bamba likasogea, utaona uzi mweupe kando ya kila mstari.

Nyeusi nzito ya mapanuo makubwa, kama anga la usiku, ndiyo inaruhusiwa kuongezewa rangi nyingine, kwa mfano C60 M40 Y40 K100, jumla 240%. Bila hiyo, K100 peke yake kwenye eneo kubwa huonekana imechoka. Muulize mchapaji kikomo chake cha jumla ya wino kabla ya kuanza kupaka. Karatasi inayong'aa hubeba karibu 300%, ya gazeti ni karibu 240%. Ukizidisha, wino haukauki na kurasa zinapakana rangi ndani ya rundo.

Mawimbi: toni yako ni gridi ya nukta, na mashine ya rangi nayo inachapa kwa gridi ya nukta, mara nyingi mistari 150 au 175 kwa inchi. Gridi mbili zikilaliana lazima zitoe mawimbi. Juu ya hapo picha imepunguzwa, kwa hiyo toni ya mistari 60 kwa inchi imekuwa kama 90, nukta zimekaribiana na kuzibana. Kwenye kitabu cha rangi ondoa toni kabisa, weka kijivu bapa cha K20 au K40 na uiachie mashine itengeneze nukta zake. Kwenye kitabu cha nyeusi na nyeupe toni ni nzuri mno, ila zichorwe katika kipimo cha mwisho, faili ya nyeusi na nyeupe tupu ya nukta 600 au 1200, na zisibadilishwe ukubwa tena. Mawimbi unayoyaona kwenye skrini ukiwa 33% au 67% yasikutishe. Hukumu ukiwa 100%.

Faili ya mwisho isiwe picha moja iliyobanwa. Panga kwenye programu ya kurasa: chini rangi za CMYK, nukta 300 hadi 400, juu yake mistari kama faili ya nyeusi na nyeupe tupu, na juu kabisa maneno yakiwa fonti halisi. Toa PDF. Kila kimoja kinabaki na ukali wake.

Tena, 22 haigawanyiki kwa 4. Kitabu cha pini hukunjwa, kila karatasi ni kurasa 4, kwa hiyo utachapa 24 au zaidi. Amua mapema kurasa mbili za ziada zitabeba nini, la sivyo zitatoka tupu.

---

herufi_kubwa

Maneno yasipuuzwe. Msomaji hulaumu mchoro wakati kilichomchosha ni kiputo.

Kanuni inayozunguka kwa wachora katuni wa Kiingereza ni maneno yasiyozidi 35 kwa fremu na 210 kwa ukurasa wa fremu sita. Usiihamishe hivyohivyo. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "hawajatuletea" ni herufi 13, na kwa Kiingereza ni maneno manne au matano. Hesabu herufi badala ya maneno. Herufi 14 hadi 18 kwa mstari, mistari isiyozidi 6 kwa kiputo, mfupi juu, mirefu katikati, mfupi chini, ili umbo lifuate duara. Kwa kitabu cha kipimo chako herufi ziwe pointi 7.5 hadi 8.5 baada ya kupunguzwa, siyo kabla.

Neno refu likigoma kuingia, ni heri kubadilisha sentensi kuliko kulikata. Ukilazimika kulikata, kata mahali ambapo viambishi vinakutana na mzizi: "wanaku-tafuta", usiandike "wanakuta-futa", maana jicho litasoma "wanakuta" kwanza kisha lirudi nyuma. Na usitenganishe kamwe ng', ny, mb, nd.

Fonti nyingi za katuni zina I mbili: yenye vijiti juu na chini, kwenye kitufe cha herufi kubwa, na iliyo wima tupu, kwenye kitufe cha herufi ndogo. Yenye vijiti ilitengenezwa kwa ajili ya neno la Kiingereza la "mimi" linapokaa peke yake. Kiswahili hakina neno hilo, kwa hiyo I yenye vijiti haina kazi kwetu. "MIMI NINAKIJUA" ikiandikwa kwa vijiti inaonekana kama uzio. Andika kila kitu kwa herufi ndogo za kitufe, fonti itatoa kubwa yenyewe na I iliyo sahihi. Hakikisha pia alama ya ng' ni ileile kitabu kizima, maana programu hupenda kubadilisha iliyo wima kuwa iliyopinda, au hata kuigeuza ikatazama upande wa pili.

Kukoleza wino kwenye neno ili lisikike kwa mkazo nako ni mtindo wa lugha nyingine. Sisi mkazo huukalisha ndani ya sentensi: "mimi ndiye niliyemwona", "huyohuyo". Ukiandika hivyo, wino mzito haudaiwi.

Kwa sauti tumia tanakali zetu. Mtu akitumbukia majini ni chubwi, akianguka mchangani ni tifu, akitua kwenye tope ni tapwi. Na tuna hazina nyingine: jii, ya kimya. Fremu tupu ya chumba chenye giza na neno "jii" limechorwa jembamba pembeni linafanya kazi ambayo kiputo hakiwezi. Tanakali zichorwe kwa mkono pamoja na picha, tangu hatua ya penseli. Zikibandikwa kwa fonti mwishoni huelea juu ya mchoro kama stika.

Mpangilio: anayesema kwanza akae kushoto, kiputo chake kiwe juu zaidi. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni na uishie katikati ya njia au kuipita kidogo. Usifike kwenye ngozi. Chora viputo kwenye michoro midogo ya awali kabisa. Ukiviacha hadi mwisho, vitaziba mikono na nyuso ulizozitolea jasho.

---

mkataba_kwanza

Kuhusu mkataba: ndiyo, upo sana. Hilo halina maana kwamba utie sahihi.

Tofautisha vitu vitatu ambavyo mkataba mmoja huvifunga pamoja: karatasi uliyochora, haki ya kuchapa hadithi hii, na haki ya wahusika wenyewe, ambayo ndiyo huzaa vitabu vingine, filamu na vinyago. Kumpa mtu kimoja hakumpi vingine, mpaka maandishi yaseme hivyo. Yako yanasema hivyo: "zote, kwa namna zote, kwa muda wote".

Historia ya kazi hii imejaa gharama ya sentensi hiyo. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Ilifika Desemba 1975, wote wawili wakiwa wazee na wenye dhiki, ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao kwenye kazi. Jack Kirby, aliyechora sehemu kubwa ya ulimwengu wa Marvel miaka ya 1960, alivutana na kampuni kwa miaka ili arudishiwe tu karatasi zake. Mwaka 1987 alipata takriban 2,000, sehemu ndogo ya alizochora. Upande wa pili yuko Will Eisner: alipoanza katuni ya The Spirit mwaka 1940 alihakikisha mhusika anabaki kuwa wake. Magazeti yaliacha kuichapa mwaka 1952, lakini ilipochapwa tena na wachapishaji wengine miongo iliyofuata, mwenye mali alikuwa yeye. Na mwaka 1992 wachoraji saba walioacha Marvel walianzisha Image Comics, ambako mhusika ni mali ya aliyemuumba. Hawa wote walikuwa hodari. Kilichowatenganisha ni karatasi waliyoitia sahihi.

Pendekezo la kumrudishia mchapishaji: badala ya kuuza, mpe ruhusa. Ruhusa ya kuchapa hadithi hii, kwa lugha hii, kitabu cha karatasi na cha kidijitali, kwa miaka 5 hadi 7. Haki zirudi kwako ikiwa kitabu kimeisha na hakijachapwa upya ndani ya miezi 12. Karatasi za awali ni zako, azirudishe ndani ya siku 30. Jina lako liwe juu ya jalada. Filamu, vinyago na muendelezo wa hadithi havimo, vikija vitakuwa na mkataba wao.

Marekebisho nayo yahesabiwe. Mawili kwenye michoro midogo ya awali, moja kwenye penseli. Baada ya wino, kila badiliko linalipiwa, isipokuwa kosa ni lako. Malipo yafungwe na siku ya kukabidhi kazi, siyo siku ya kitabu kutoka, kwa sababu kitabu kinaweza kisitoke kamwe. Na kiandikwe kiasi utakacholipwa kazi ikisimamishwa njiani: kurasa zilizokamilika zote kwa bei kamili, zilizofika penseli nusu yake.

Wakikuambia watakupa mrabaha, uliza asilimia ya nini. Chukua kitabu chenye bei 100. Asilimia 8 ya bei ya jalada ni 8. Asilimia 8 ya fedha inayomfikia mchapishaji, ikiwa muuza vitabu amepewa punguzo la 50%, ni 4. Ukigawana nusu kwa nusu na mwandishi wa hadithi, zinabaki 2. Nakala 3,000 zikiisha zote umepata 6,000, yaani bei ya vitabu 60, kwa kurasa 22. Ndiyo sababu malipo ya awali kwa ukurasa yanahitajika hata pale mrabaha unapokuwepo, na ndiyo sababu usikubali neno "mapato halisi" bila maelezo ya nini kinakatwa. Dai pia taarifa ya mauzo kila miezi sita.

Akikataa yote na kung'ang'ania haki zote, basi bei kwa ukurasa ipande sana, na hadithi unayompa isiwe ile ambayo wahusika wake umewabeba moyoni. Mpe nyingine. Kabla ya sahihi, mwanasheria wa hakimiliki asome kila ukurasa.

---

fremu_kwa_fremu

Asanteni sana wakuu. Nimepima: viputo vyote viwili viko mm 5 kutoka ukingo wa boksi, sawa na hesabu ya meza_ya_mwanga. Toni ni za kompyuta na ziko kwenye leya yake, kwa hiyo zitatoka bila shida. Karatasi zote 22 zipo. Limebaki swali la kasi.

---

saa_na_kurasa

Kasi hupimwa kwa saa. Mwezi ni kipimo kinachodanganya.

Mtu mmoja anayefanya kila kitu, ukurasa wa fremu 5 au 6, ahesabu hivi: mchoro mdogo wa awali saa 1, penseli 6 hadi 8, wino 4 hadi 6, rangi 4 hadi 5, maneno 1. Ni saa 16 hadi 21. Chukua 18. Kurasa 22 ni saa 396. Sasa hapa ndipo hesabu za wengi huvunjika: hugawa kwa saa 40 za wiki na kupata wiki 10. Saa za kalamu ikiwa juu ya karatasi hazifiki 40. Barua pepe, kutafuta picha za rejea, kuskani na marekebisho vinakula yake. Weka saa 30 kwa wiki, upate wiki 13, kisha ongeza mbili za dharura. Ahadi utakayotoa kwa mchapishaji ni wiki 15. Kwa mwezi ni kurasa 6 au 7 zilizokamilika, na mtu anayezitoa bila kukosa anaheshimika na wahariri kuliko anayeahidi 20 na kupotea.

Namba kubwa unazosikia zimegawanywa kwa watu. Toleo la kila mwezi la Marekani, kurasa 20 hadi 22, mara nyingi lina mtu wa penseli anayetoa ukurasa mmoja kwa siku, mwingine wa wino, mwingine wa rangi, mwingine wa maneno. Mchora manga (katuni za Kijapani) wa gazeti la kila wiki hutoa karibu kurasa 18 hadi 20 kwa wiki, na nyuma yake wako wasaidizi wanaochora mandhari, kujaza weusi na kubandika toni. Mchora manga Osamu Tezuka anatajwa kuwa alichora zaidi ya kurasa 150,000. Ukizigawa kwa siku za miaka 43 tangu 1946 ni zaidi ya 9 kila siku, bila mapumziko. Alikuwa na studio nzima, na alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 60. Mheshimu, ila usijipimie kwake.

Mkono ndio mtaji. Ubao uinuliwe nyuzi 20 hadi 40 ili shingo isiinamie meza. Mistari mirefu itoke begani, mifupi itoke kwenye kiwiko, kifundo kiachiwe vitu vidogo kama kope na vifungo. Dakika 45 za kazi, 10 za kusimama. Ganzi kwenye kidole gumba na vile viwili vinavyofuata, hasa usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo. Nenda kwa daktari wiki hiyohiyo. Wanaosubiri kitabu kiishe kwanza wanaweza kukosa kitabu kinachofuata.

Kuhusu kupata kazi nyingine baada ya hii: wahariri hawaajiri kwa picha moja ya shujaa amesimama. Wanataka kurasa 8 hadi 12, zikiwa hadithi fupi mbili au tatu za kurasa 3 hadi 5 zinazofuatana. Moja iwe watu wawili wanaongea chumbani na hakuna kingine kinachotokea. Hiyo ndiyo ngumu, na ndiyo wanayoitazama kwanza, kwa sababu inaonyesha kama unaweza kubadilisha pembe bila kuwageuza waongeaji: aliyekuwa kushoto abaki kushoto hadi utakapoonyesha wazi kwamba amehama. Nyingine iwe na umati na majengo, nyingine ya mwendo wa kasi. Zitoe kwa nyeusi na nyeupe, bila maneno. Mpe mtu asiyeijua hadithi akusimulie kinachotokea. Mahali anapokwama ndipo fremu imekosekana au mkono umejificha nyuma ya mwili. Kagua pia mistari inayogusana kwa bahati mbaya, kama ukingo wa paa unaopita sawasawa juu ya kichwa cha mtu, au kiwiko kinachogusa mstari wa fremu. Umbali wa mbele na nyuma unakufa hapo, na dawa yake ni kusogeza kimoja mm 5, ama vipishane waziwazi au viachane kabisa.

---

fremu_kwa_fremu

Nimeelewa. Nianze na skana au na mchapishaji?

---

meza_ya_mwanga

Yote wiki hii, mkuu, ila usiskani 22 kwa mpigo. Chagua ukurasa mmoja mbaya kuliko yote, wa usiku, wenye nyuzi nyembamba na kiputo cha pembeni. Uskani kwa 600, utoe toni, uweke kijivu bapa, mistari K100 juu, maneno kwa fonti halisi. Mpelekee mchapaji yuleyule akutolee karatasi moja kwa mashine na karatasi ileile ya kitabu. Printa ya ofisini haitakuonyesha mabamba yakipishana. Itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10: kando ya herufi kuwe na nyeusi tu, na mstari wako mwembamba kuliko yote uwe mzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikatika, pandisha kizingiti kwa 10 na urudie ukurasa huohuo. Namba itakayokubali iandike, kisha uitumie kwa zile 21.

---

mkataba_kwanza

Na mchapishaji mjibu leo kwa mistari mitatu: umefurahi, unapitia mkataba na mwanasheria, utarudi na mapendekezo ndani ya siku 14. Usimtumie faili kubwa za kuchapa kabla ya hapo. Kurasa za kuonyesha zitoke kwa upana wa nukta 1,200, zinatosha kusoma kwenye skrini na hazitoshi kuchapa kitabu.